Kwa nini mosfeti za juu zinaungua kwenye daraja H la mota ya waipa

Swali la msomaji: "Nimetengeneza daraja H (swichi nne zinazowezesha mota kuzunguka pande mbili) la kuendesha mota ya waipa ya 12 V kwenye kitoroli cha karakana, mbele na nyuma. Nimetumia mosfeti nne za IRFZ44N na Arduino Uno. Kila geti inavutwa hadi 12 V kwa resista ya 10 kΩ na kushushwa na transista ya BC547. Bila mzigo inazunguka vizuri. Nikipakia, mosfeti mbili za juu zinaungua ndani ya dakika moja, wakati za chini zina joto la kawaida tu. Mara nyingine nikigeuza mwelekeo ghafla zinakufa zote na fyuzi inakatika. Nimeshauriwa niweke IRF3205 kwa sababu inabeba ampia 110. Itasaidia?"

Hapana, haitasaidia. IRF3205 itaungua palepale ilipoungua IRFZ44N, kwa sababu tatizo lako liko kwenye volti ya geti, wala si kwenye ukubwa wa mosfeti. Na umeeleza hitilafu mbili tofauti, kila moja ina chanzo chake, kwa hiyo tuzichukue moja moja.

Mosfeti ya aina ya N huwaka kwa tofauti ya volti kati ya geti (mguu wa amri) na sosi (mguu mkondo unakotokea) yake yenyewe. Volti ya geti ukiipima kutoka hasi ya betri haikuambii kitu kuhusu mosfeti ya juu. Zile za chini sosi zake zimekaa kwenye hasi, hivyo geti ikifika 12 V zinapata 12 V kamili na zinawaka hadi mwisho. Za juu sosi zake zimeshika waya wa mota. Mosfeti ya juu ikianza kuwaka, waya wa mota unapanda volti, na sosi inapanda nao, huku geti imebaki palepale kwenye 12 V. IRFZ44N inahitaji karibu 4 V kati ya geti na sosi ili ipitishe ampia 8. Basi sosi inapanda hadi kama 8 V na kukwama hapo, maana ikipanda zaidi mosfeti inaanza kujizima. Volti 4 zilizobaki zinakaa juu ya mosfeti yenyewe: 4 V kwa 8 A ni wati 32 za joto. Kifuko cha TO-220 (umbo la mosfeti hizi) kisicho na hitisinki (chuma cha kupoza) kinapanda takriban nyuzi 62 kwa kila wati moja, kwa hiyo wati 2 tu tayari ni balaa. Bila mzigo mota yako inavuta labda ampia moja na nusu, ndiyo maana ilionekana inafanya kazi.

Ile 8 mΩ ya IRF3205, na ile 17.5 mΩ ya IRFZ44N, zimeandikwa kwenye karatasi ya data kwa sharti la 10 V kati ya geti na sosi. Sharti hilo lisipotimia, namba hiyo haina maana. Na ampia 110 ni za kipande cha silikoni kikishikiliwa kwenye nyuzi 25. Kifuko chenyewe kina kikomo cha ampia 75, na kwenye hitisinki ya kawaida hata hapo hufiki.

Sasa hitilafu ya pili, ya kugeuza mwelekeo. Mota inayozunguka inazalisha volti yake, inayopingana na betri. Ukigeuza ghafla, volti hiyo inaacha kupinga na inaanza kusaidiana na betri, kwa hiyo mkondo unakaribia mara mbili ya ule wa mota iliyokwama. Kama koili ina 0.6 Ω, mota iliyokwama inavuta ampia 20, na ikigeuzwa kwa kasi kamili inaelekea ampia 40 kwa muda mfupi. Volti ya betri inashuka, hasa kama waya ni mwembamba. Ikiwa Arduino inakula kwenye betri hiyohiyo, inaweza kujiwasha upya. Na hapo ndipo mzunguko wako ulipo hatari: Arduino inapojiwasha upya, miguu yake yote inaachia, BC547 zote nne zinazima, na zile resista za 10 kΩ zinavuta geti zote nne juu. Mosfeti nne zinawaka kwa pamoja. Betri ya gari inapata shoti mbili kamili, nguzo (mosfeti ya juu na ya chini yake) ya kushoto na ya kulia, na kinachofuata unakijua. Jambo hilohilo linaweza kutokea kila unapowasha kitoroli, katika ile sekunde moja au mbili kabla programu haijaanza.

Kanuni ya kufuata ni hii: daraja lolote lipangwe ili kidhibiti kikifa, kikichomolewa au kikijiwasha upya, mosfeti zote zizime. Wewe umelipanga kinyume.

Kabla hujanunua kifaa chochote, pima bodi ya mota. Mota nyingi za waipa zina brashi tatu: ya pamoja, ya kasi ndogo na ya kasi kubwa. Katika baadhi ya mota hizo brashi ya pamoja imefungwa kwenye bodi ya chuma, kwa sababu kwenye gari hasi inapita chasisi. Weka mita kwenye omu, gusa bodi na kila waya. Ukikuta waya mmoja unasoma karibu na sifuri na bodi, na bodi imefungwa kwa boliti kwenye fremu iliyounganishwa na hasi ya betri, basi mwelekeo mmoja wa daraja lako ni shoti moja kwa moja kupitia mosfeti ya juu. Itenge mota na fremu kwa washa na bushi za plastiki, pamoja na shafti kama inagusa chuma, au itenganishe fremu na hasi. Tumia brashi ya pamoja na ya kasi ndogo. Ile ya kasi kubwa iache, funika waya wake. Waya za swichi ya kurudisha waipa mahali pake nazo hazihitajiki.

Omu ya koili usiipime kwa mita, maana waya za mita peke yake zina sehemu kubwa ya usomaji. Shika shafti kwa nguvu kwa spana, pitisha ampia 2 kutoka kwenye pawasapulai yenye kikomo cha mkondo, pima volti kwenye vichwa vya mota, gawanya kwa 2. Rudia shafti ikiwa pembe tofauti na chukua omu ndogo kuliko zote. Gawanya 12 kwa omu hiyo upate mkondo wa kukwama. Huo ndio unaopangia daraja, wala si mkondo wa mota ikizunguka bure.

Kwa ampia 20 za kukwama na ampia 8 hadi 10 za kazi, IRFZ44N zako zinatosha kabisa zikisukumwa vizuri. Omu ya mosfeti hupanda ikipata joto, ichukulie mara moja na nusu: 26 mΩ. Kwenye ampia 10 hiyo ni wati 2.6 kwa kila mosfeti inayobeba mkondo, na kwenye ampia 20 ni wati 10.5, ambazo hitisinki ya saizi ya kiganja itazivumilia kwa sekunde chache hadi programu ikate.

Kinachokosekana ni kisukumageti, yaani chipu ya kuendesha geti, kwa kila nguzo. Chukua IR2104 mbili. Kila moja inaendesha mosfeti ya juu na ya chini ya nguzo moja kwa amri moja, na yenyewe inaacha pengo la nanosekunde 520 kati ya kuzima moja na kuwasha nyingine, hivyo hata programu ikikosea haiwezi kuwasha zote mbili za nguzo moja. Inaelewa 5 V ya Arduino bila kifaa cha kati. Miguu yake: 1 ni VCC (umeme wa chipu), 2 ni IN (amri), 3 ni SD (kuzima), 4 ni COM (hasi), 5 ni LO ya geti ya chini, 6 ni VS (sosi ya juu), 7 ni HO ya geti ya juu, 8 ni VB (umeme wa geti ya juu). Mguu wa SD ukiwa chini, geti zote mbili zinazimwa. Ukiwa juu, kazi inaanza. Wengi wanauacha hewani kisha wanashangaa chipu haitoi kitu.

Geti ya juu inapata volti zaidi ya betri kwa njia ya kapasita ya butstrapu, kati ya mguu wa 8 na wa 6. Mosfeti ya chini ikiwaka, VS inashuka hadi hasi na kapasita inajaa kutoka VCC kupitia dayodi. Ya chini ikizima na ya juu kuwaka, kapasita inapanda pamoja na sosi na kuendelea kuipa geti kama 11 V juu ya sosi, yaani karibu 23 V ukipima kutoka hasi. Geti ya IRFZ44N inahitaji chaji ya nanokulombu 63 kwa kiwango cha juu. Kapasita ya 1 µF itapoteza kama 0.06 V tu kila inapoiwasha. Tumia ya kauri, 25 V au zaidi, aina ya X7R, ikae kando kabisa ya chipu. Dayodi iwe ya haraka, UF4007. Usiweke 1N4007: kwa 20 kHz tutakayotumia haiwahi kuzima, na chaji uliyoweka kwenye kapasita inarudi ilikotoka.

Kutokana na njia hiyo, mosfeti ya juu haiwezi kuwaka daima. Chipu inakula hadi mikroampia 55 kutoka kwenye kapasita ya 1 µF, kwa hiyo volti 1 inaondoka ndani ya milisekunde 18 hivi. Ukiamuru iwake asilimia 100 ya muda, baada ya muda mfupi geti ya juu itashuka volti, na mosfeti itaanza kujizima. Komea kwenye asilimia 95. Kasi utakayopoteza hutaiona.

Kwenye kila geti weka resista ya 22 Ω mfululizo, na 1N4148 sambamba nayo, mstari wa dayodi ukielekea kwenye chipu, ili kuzima kuwe haraka kuliko kuwasha. Kati ya geti na sosi ya kila mosfeti weka 10 kΩ. Weka 10 kΩ nyingine kutoka kwenye kila mguu wa IN hadi hasi, na moja kutoka kwenye SD, ambazo unaziunganisha pamoja. Hii ya SD ndiyo inayokulinda wakati Arduino inajiwasha: mguu ukiachia, SD inashuka, na daraja lote linazimika.

Hapa pia ndipo IRF3205 inapogeuka kuwa kikwazo. Chaji yake ya geti inafika nanokulombu 146, zaidi ya mara mbili. IR2104 iliyo dhaifu kuliko zote inavuta kama milliampia 270 wakati wa kuzima. Gawanya utapata nanosekunde 540, ambazo zimelipita lile pengo la 520. Mosfeti moja haijazima, mwenzake anawaka, mara 20,000 kwa sekunde. Ukitaka lazima kutumia IRF3205, tafuta kisukumageti chenye nguvu zaidi kama IR2110, chenye ampia 2, ila ujue hicho hakiweki pengo chenyewe; utalazimika kulitengeneza kwenye programu.

VCC ya chipu ichukue kutoka betri kupitia dayodi ya 1N5819, kisha kapasita ya 100 µF na ya 100 nF. Betri ikishuka ghafla mota inapokwama, dayodi inazuia kapasita isirudishe umeme kwenye mota, na chipu inabaki juu ya mpaka wake wa volti 8 na kitu. Arduino ilishe hapohapo baada ya dayodi, na kapasita ya 470 µF.

Waya za nguvu ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi nzuri. Mita moja ya waya ina karibu mikrohenri 1. Kata ampia 20 ndani ya nanosekunde 100 kwenye waya huo na unapata mruko wa volti 200, kwenye mosfeti ya volti 55. Dawa yake ni kapasita: 2200 µF ya 35 V ya aina inayovumilia mkondo mkubwa, isiyozidi sentimita 3 kutoka kwenye mosfeti, na kauri ya 100 nF kwenye kila nguzo, kutoka dreni (mguu mkondo unakoingilia) ya juu hadi sosi ya chini moja kwa moja. Ongeza 1.5KE24A, dayodi ya kukata miruko ya volti, kati ya chanya na hasi hapohapo. Kitoroli kikishuka mteremko mota inaweza kuwa jenereta, na fyuzi ikikatika wakati huo umeme unaorudi hauna betri ya kuupokea. Waya wa betri na wa mota uwe wa milimita mraba 2.5 au zaidi. Hasi ya Arduino na ya chipu zikutane mahali pamoja tu, kwenye hasi ya ile kapasita kubwa. Bredbodi usiiguse kwa kazi hii. Vibanio vyake vya waya vinaungua kabla ya mosfeti. Fyuzi ya gari ya 20 A ikae karibu na betri. Haitaokoa mosfeti, lakini itazuia moto.

Bamba la nyuma la IRFZ44N ni dreni. Mosfeti mbili za juu dreni zote ziko kwenye chanya, zinaweza kukaa hitisinki moja bila kitu. Za chini dreni zake ni vichwa viwili vya mota, kwa hiyo ukizifunga kwenye chuma kimoja bila mika na bushi, umeipiga mota shoti.

Kwenye Uno, IN ya kushoto iende mguu 9, ya kulia mguu 10, na SD zote mbili mguu 8. Masafa ya kawaida ya miguu hiyo ni 490 Hz, na mota italia. Taimer 1 ipange hivi:

TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(COM1B1) | _BV(WGM11);
TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(CS10);
ICR1 = 400;

Hapo unapata 20 kHz, na OCR1A au OCR1B (namba za kasi za mguu 9 na mguu 10) inakubali 0 hadi 400. Kikomo chako ni 380. Kwenda mbele, OCR1B iwe 0 na OCR1A ibebe kasi. Kurudi nyuma, kinyume chake. Mwanzoni weka zote 0, pandisha SD, subiri milisekunde 10 ili kapasita za butstrapu zijae, ndipo uanze. Kasi ipande kwa hatua za 4 kila milisekunde 5, hivyo kutoka kusimama hadi 380 ni karibu nusu sekunde. Kugeuza: shusha kwa mwendo huohuo hadi 0, subiri milisekunde 200, ndipo upandishe upande wa pili. Kumbuka kwamba 0 pande zote ina maana mosfeti za chini zote mbili zimewaka na mota imefungwa kichwa kwa kichwa, yaani breki. Ukiruka kutoka 380 hadi 0 kwa mara moja, unaipiga mota breki ya ampia 20. Ukitaka iserereke tu, shusha SD.

Kipima mkondo cha ACS712 cha 30 A kwenye waya mmoja wa mota kinatoa 2.5 V pasipo mkondo na milivolti 66 kwa kila ampia. Kikivuka ampia 15 kwa zaidi ya milisekunde 200, programu ishushe SD.

Kabla ya kulehemu, jaribu kila mosfeti, maana IRFZ44N bandia zimejaa sokoni. Ipe geti 12 V, pitisha ampia 2 kutoka dreni hadi sosi, pima milivolti karibu kabisa na miguu yake. Halisi haivuki 35 mV. Ikisoma 80 au 100, ni silikoni ndogo iliyopigwa chapa ya uongo, irudishe dukani.

Mara ya kwanza kuwasha, toa fyuzi na weka balbu ya breki ya gari ya 12 V, 21 W, mahali pake. Balbu hiyo ikishapata joto haipitishi zaidi ya ampia 1.75 hivi, kwa hiyo kosa lolote litawasha taa badala ya kuua vifaa. Washa pasipo mota. Balbu itamulika kidogo kapasita ikijaa, kisha izime kabisa. Ikibaki inawaka, kuna shoti kwenye nguzo mojawapo. Ikiwa imezima, weka OCR1A 200 na upime kwa mita kati ya mguu 8 na 6 wa IR2104: utafute volti 11 hivi. Ukipata chini ya 9, angalia dayodi na kapasita ya butstrapu. Kisha unganisha mota na balbu ikiwa bado ipo. Mota itazunguka taratibu pande zote mbili, na balbu itakuwa hafifu. Bonyeza kitufe cha kujiwasha upya cha Uno mota ikizunguka: inapaswa kuserereka na kusimama, na balbu izime. Hilo ndilo jaribio ambalo mzunguko wako wa zamani usingelipita. Likipita mara kadhaa, rudisha fyuzi, pakia kitoroli, na baada ya dakika tano linganisha joto la mosfeti za juu na za chini. Zile za upande unaobeba mkondo zinapaswa kukaribiana; ya juu ikizidi sana, rudi kupima mguu 8 na 6 ukiwa na mzigo.

Kama huna haja ya kujenga mwenyewe, moduli ya BTS7960 ina nguzo mbili zilizokamilika na itaibeba mota hii, pia kwa 20 kHz. L298N usiifikirie: ni ya ampia 2 kwa chaneli, na kwenye mkondo huo inaweza kula hadi karibu volti 5 kati ya 12 zako. Wanaopendelea mosfeti za P juu, IRF4905 inafaa kwa 12 V na inakubali kuwaka asilimia 100, lakini ukija kuhamia betri ya 24 V weka dayodi ya zena ya 12 V kati ya geti na sosi, kwa sababu geti zake haziruhusu zaidi ya 20 V.